Ruta ya Chumba cha Wageni

Al-Khoudh, mwezi wa saba, saa nane mchana:
hata kivuli kimeingia ndani kujificha.
Mezani nina hati ya mirathi, kurasa thelathini na moja,
Kiarabu cha mahakama kinachongoja Kiswahili,
na kwenye skrini wakili wa Mombasa,
mdomo wazi, jicho moja limefumba,
ameganda hivyo tangu aliposema "kwa hiyo".

Kwa hiyo nini, bwana Mwakio?

Lile boksi tulilopewa bure na faiba
limekaa juu ya kabati la viatu
linapepesa taa nyekundu kama mtu mwenye deni.
Bure yake nimeilipa:
kazi mbili zimepotea,
na nimesimama uani, kompyuta juu ya kichwa kama ndoo,
nikiteka vipau viwili vya mtandao.

Jioni nikaenda Ruwi.
Biju wa dukani ana maneno sita ya Kiswahili,
kayaokota kwa wateja kama mimi.
"Nzuri hii, mama." Akanipa yenye antena nane,
nyeusi, imelala chali kama kaa aliyepinduliwa.
Riali arubaini na tano.
Biju, nikamwambia, pembe si maziwa.
Ya pili riali tisa, nyepesi kama boksi lililokwisha tende.
Rahisi ya namna hiyo naijua,
ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Basi akaweka kalamu juu ya risiti, akauliza
swali ambalo kampuni haikuniuliza:
ukuta wa nini?
Saruji, na jiwe juu yake.
Mume wangu alijenga kana kwamba Wareno watarudi.
Na watu wangapi?
Mimi. Thuwaiba, mpwa wangu, mchoraji wa nembo za mikahawa,
mafaili yake mazito kama magunia ya mchele.
Printa ukumbini. Simu nne. Kamera ya getini.
Mama mkwe na tableti yake.
"Yeye kazi gani?"
Anazungumza na Wete, nikasema, kila siku baada ya alasiri.
Biju akaandika: *wafanyakazi, watatu.*

Nikarudi na ya kati,
riali ishirini na mbili na baisa mia tano,
antena mbili, matundu manne,
na mita thelathini za waya,
maana waya, alisema Biju, haujui ukuta.
Khelef akaupenyeza kwenye tundu la bomba la kiyoyozi,
jasho likimtiririka, akinung'unika:
chumba cha wageni mmekifanya ofisi, wageni watakaa wapi?
Wageni wa siku hizi, nikamjibu,
huomba nywila kabla ya kahawa.

Ruta ikauliza: kifaa gani kitangulizwe?
Nikachagua changu. Sikufikiri hata kidogo.

Kesho yake Mwakio akamaliza sentensi yake.
Kwa hiyo ilikuwa thumni ya mjane,
na sudusi ya mama wa marehemu, isisahauliwe.
Nikatafsiri. Nikatuma.
Na ng'ambo ya ukuta, saa ileile,
dada mtu kutoka Wete alikuwa anasema "amefariki",
picha ikasimama.
Mama mkwe akabaki na tableti mapajani,
"Nani? Nani?"
polepole, kama abishaye mlango
wa nyumba anayojua ina watu.

Usiku nikaifungua tena ile mipangilio.
Ruta haina fungu la sudusi,
ina mshale wa juu na mshale wa chini.
Nikampandisha.
Kuanzia saa kumi mpaka adhana ya magharibi
yeye kwanza, kisha Thuwaiba,
na mimi niliyetoa riali, pamoja na printa.

Leo saa kumi na robo
Mwakio ameganda, kidole juu, katikati ya neno.
Namtazama tu.
Ukutani nasikia:
"Biubwa yupi? Wa Mtambwe, au wa Jadida?"